Wasomaji Wanauliza: Kazi Iliyoharibika na Pa Kuanzia Upya

Barua nyingi tulizopokea tangu mvua za masika zianze zinafanana kwa jambo moja. Walioziandika si mafundi wa kulipwa, bali ni watu wenye shughuli nyingine za kutwa ambao jioni na siku za mapumziko hukaa na sanaa wanayoipenda, na kila mmoja amepatwa na jambo lililomkatisha njiani. Tumechagua nne. Tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha kwa heshima yao.

Utenzi uliokwenda na simu

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Kwa muda wa miaka miwili nimekuwa nikitunga utenzi kuhusu babu yangu aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Kimamba, wilayani Kilosa. Nilikuwa naandika kwenye simu, mara ndani ya daladala, mara wakati wa mapumziko shuleni, na nilikwisha kupita beti mia mbili. Mwezi uliopita simu iliibiwa stendi. Ninachokumbuka ni vipande tu: ubeti mmoja, kwa mfano, umenibakia mwanzo na mwisho, yaani “Babu alifika shamba” na “Jua likimwangazia”, lakini katikati pametoweka. Wenzangu wananishauri nitunge utenzi mwingine, ila kila nikishika kalamu naona kama namsaliti babu. Niuache au niuandike tena?*

Marahaba, mwalimu mwenzangu, na pole kwa msiba huo. Miaka miwili ya kutunga ndani ya daladala si jambo la mtu kuambiwa “anza jingine” kirahisi hivyo. Ushauri wangu ni kwamba uuandike tena utenzi uleule, lakini kwanza uhakikishe ni kiasi gani hasa kimepotea, kwa sababu wengi huomboleza mali yote ilhali nusu yake bado ipo.

Simu nyingi za siku hizi hunakili maandishi na picha kwenye akaunti ya barua pepe iliyosajiliwa ndani yake. Omba simu au kompyuta ya mtu unayemwamini, ingia kwa anwani yako, badilisha nywila mara moja ili mwizi asikutangulie, kisha upekue madokezo, rasimu za barua pepe na picha. Ukisharudishiwa namba yako na kampuni ya simu, jaribu pia kurejesha mazungumzo ya WhatsApp, kwa kuwa huenda nakala yake imehifadhiwa hukohuko kwenye akaunti. Halafu wakumbuke wote uliowahi kuwatumia ubeti au kuwasomea kwa ujumbe wa sauti: ndugu zako, walimu wenzako, hata yule rafiki aliyekujibu kwa neno moja tu. Waombe watafute “Kimamba” au “mkonge” katika mazungumzo yenu. Fanya hivyo wiki hii, kabla hawajafuta ujumbe wa zamani ili kupata nafasi kwenye simu zao.

Kitakachokosekana huko utakitafuta kichwani, na hapa una bahati kuliko mtu aliyepoteza hadithi ya nathari. Ubeti wa utenzi, kama unavyojua, una mishororo minne ya mizani nane. Mitatu ya mwanzo huishia kwa kina kimoja, na wa nne hubeba kina kinachokwenda hadi mwisho wa utenzi mzima. Maana yake ni kwamba ukikumbuka mshororo mmoja tu, tayari umejua wenzake walikuwa na urefu gani na waliishia wapi. Chukua huo ubeti ulioniandikia. Pale katikati panadai mishororo miwili ya mizani nane inayoishia kwa silabi “mba”. Andika pembeni maneno yote ya namna hiyo yanayogusa maisha ya babu: Kimamba, kamba, nyumba, chumba, mwamba, kuimba. Yaseme kwa sauti huku ukihesabu mizani kwa vidole. Mimi nisiye na kumbukumbu yako nimejaribu, nikapata hivi:

Babu alifika shamba
Kazini kule Kimamba
Kiunoni ana kamba
Jua likimwangazia

Ubeti wako wa asili huenda ulikuwa bora kuliko huu, na pengine ukiusoma tu utasikia mara moja mahali nilipokosea, na neno lako la kweli litajitokeza lenyewe. Ndiyo sababu nakusihi usikae kimya ukikodolea macho karatasi. Utenzi hughaniwa, ughani kwa ile sauti uliyokuwa ukiisikia wakati wa kutunga, hata kama ni faraghani jikoni, kwa sababu sauti hukumbuka maneno ambayo macho yameyasahau. Nunua daftari, tenga ukurasa kwa kila ubeti, andika kile kidogo kinachokuja, na mahali palipo na pengo acha mstari mtupu wenye silabi ya kina mwishoni. Usifuate mpangilio. Ubeti wa mia na ishirini ukija kabla ya ubeti wa tatu, upokee.

Haya si mambo ya kufikirika tu. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki dunia mnamo mwaka 1840, na mashairi yake mengi yalibakia vinywani mwa watu wa mji. Miongo kadhaa ikapita, kisha kuelekea mwisho wa karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa, akishirikiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, akayakusanya na kuyaandika. Na mwaka 1940 yakachapishwa Johannesburg kwa uhariri wa William Hichens. Tunayoyasoma leo tunayasoma kwa sababu vina na mizani viliyafunga katika kumbukumbu za watu wasiokuwa na simu wala mashine ya kunakilia. Wewe unatafuta beti zako mwenyewe, tena baada ya mwezi mmoja tu.

Hata hivyo, kuna beti ambazo hazitarudi, na sipendi uzikimbilie mpaka uchoke na kazi yote. Ipe kazi hiyo ya kukumbuka muda hadi likizo ijayo, kisha ifunge. Palipobaki mapengo nenda Kimamba ukazungumze na wazee waliofanya kazi na babu yako au waliowaona waliofanya kazi naye: namna majani yalivyofungwa mafungu, namna yalivyopakiwa kwenye vitoroli vya reli na kupelekwa korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, nani alihesabu, nani alikatwa posho. Barua yako haisemi kama uliwahi kuwahoji mara ya kwanza. Kama hukuwahoji, basi utenzi wa pili utakuwa na mambo ambayo wa kwanza haukuwa nayo, na sioni usaliti wowote hapo.

Ukili ulioota ukungu

*Ndugu mhariri, salaam nyingi kutoka Pangani. Nina duka dogo, na jioni nikifunga nasuka ukili, ile mikanda ya majani inayoshonwa kuwa mkeka, kazi niliyofundishwa na marehemu mama. Binti yangu anaolewa baada ya miezi mitatu, nami nilitaka kumpa mkeka niliousuka kwa mkono wangu. Nimesuka tangu kiangazi, nikawa naweka mizingo yangu ya ukili uliokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni chini ya kitanda. Juzi nimefungua nikakuta ukungu, na nyekundu imechuja ikaingia kwenye nyeupe. Nimeumia sana. Niutupe wote? Na kwa muda huu uliobaki nianze tena au nimnunulie mkeka dukani?*

Pole dada yangu, tena pole ya kweli, kwa sababu kazi hii uliifanya ukiwa umechoka na shughuli za kutwa. Usitupe kitu mpaka umekikagua, na mkeka wa dukani usiufikirie kwa sasa.

Kilichotokea kinaeleweka. Ukindu, yaani jani la mkindu, hulowanishwa kidogo wakati wa kusuka ili usivunjike, na unyevu ule hubaki ndani ya msuko hata kama kwa juu unaonekana mkavu. Ukiukunja mzingo siku hiyohiyo na kuufunga ndani ya nailoni, unyevu hauna pa kutokea. Likija joto la Pangani na hewa nzito ya masika, ukungu hupata kila unachokitaka. Rangi nayo ilichuja kwa unyevu huohuo, na hasa ikiwa baada ya kuchemshwa haikusuuzwa mpaka maji yakatoka safi.

Siku ya kwanza itakayokuwa na jua kavu, kunjua mizingo yote uitandaze juu ya kamba au chanja, si chini kwenye mchanga. Ikishakauka kabisa, ipige burashi kavu nje ya nyumba, ukiwa umefunga kitambaa puani, maana vumbi la ukungu si zuri kuvuta. Kisha pangusa kwa kitambaa kilichochovywa kwenye siki na kukamuliwa sana, uanike tena. Jiki usiiguse: hula nyuzi za jani na kufifisha rangi, na baada ya hapo mkeka hukatika mapema. Ukimaliza, kagua pima kwa pima kwa kuukunja ukili katikati ya vidole viwili. Mahali penye madoa tu lakini jani linapinda na kurudi, hapo ni pazima. Mahali jani linapovunjika na kutoa unga, au lingali na harufu ya uvundo hata baada ya kupigwa jua, pakate bila huruma. Uzuri wa ukili ni kwamba hukatwa na kuungwa wakati wa kushona. Kipande kibovu hakiwezi kuuharibu mzingo mzima ukikitoa mapema.

Palipoingia nyekundu kwenye nyeupe, sikushauri ujaribu kuosha. Maji ya pili yatachujisha tena rangi ile ile. Tenga vipande hivyo kwa kazi nyingine, kama kawa la kufunikia chakula au mkoba wa sokoni, ambapo wekundu uliosambaa hautamsumbua mtu.

Sasa kuhusu zawadi. Ukitaka kuufufua mkeka wote kwa miezi mitatu, huku una duka na maandalizi ya harusi, utasuka usiku ukiwa na usingizi na hasira, na msuko utaonyesha. Badala yake, kwa ukili mzima uliobaki mshonee binti yako msala. Ni mdogo kuliko mkeka wa kulalia, atausimamia kila siku kwa sala, na kila ushono wake utakuwa ni wa mkono wako tangu kuchana ukindu hadi kumalizia ukingo. Chagua ukili ulionyooka zaidi, ushone ukingo kwa ukingo bila kuvuta uzi kupita kiasi ili usijipinde, kisha ukate ncha zote zilizochomoza. Mkeka mkubwa usuke kwa utulivu baada ya harusi. Hakuna ubaya zawadi ya bibi harusi ikamfikia akiwa na nyumba yake na mwaka wa kwanza wa ndoa.

Na hiyo mizingo mipya, kila mmoja uanike siku nzima kabla ya kuukunja, uufunge kwa kanga kuukuu inayopitisha hewa, uutundike juu mahali panapopita upepo. Rangi mpya ijaribu kwanza kwa kusugua jani lililotiwa rangi na kitambaa cheupe kilicholowa. Kitambaa kikibadilika rangi, ukindu huo urudi kusuuzwa.

Udi ulionyamaza miaka mingi

*Ustadh, assalaam aleikum. Nilizaliwa Unguja, sasa naishi Muscat. Ujanani nilipiga udi katika kikundi cha taarab mtaani kwetu, lakini kazi na malezi vikanifanya niutundike ukutani. Nimestaafu. Nimeushusha, nikakaza nyuzi, mbili zikakatika, na sauti iliyotoka kwa zilizobaki imenitia huzuni. Vidole vyangu pia havitii. Kwa umri wangu, kuna haja ya kurudi?*

Wa aleikum salaam warahmatullah. Haja ipo, mzee wangu, lakini tusichanganye ugonjwa wa udi na wa mikono yako, kwa maana kwa sasa huwezi kujua ni kipi kinachokosea.

Udi uliokaa miaka mingi katika chumba chenye kiyoyozi hukaukiwa. Mbao za uso wake ni nyembamba mno, na zikipoteza unyevu hupata nyufa, au kile kipande kinachoshikilia nyuzi usoni hunyanyuka gundi yake. Mulika kwa tochi ndani kupitia tundu la sauti, na upitishe kidole taratibu pembeni mwa kipande hicho. Ukiona ufa au nafasi ya kupita karatasi, legeza nyuzi zote na umpelekee fundi. Mjini Muscat mafundi wa udi wapo. Udi ukiwa mzima, badilisha seti nzima ya nyuzi, jozi zote tano na ule uzi mmoja mzito, badala ya kuunganisha mpya na za zamani. Usizipandishe hadi sauti yake kwa siku moja. Zikaze nusu, ziache zilale, uendelee kesho na keshokutwa, huku mbao zikizoea mvuto. Chombo kiweke ndani ya sanduku lake, mbali na hewa ya moja kwa moja ya kiyoyozi, na unyevu wa chumba ukiweza uwe kati ya asilimia 40 na 55.

Udi ukishatengemaa, ndipo tuiangalie mikono. Ngozi ya ncha za vidole imelainika na itauma. Piga muda mfupi kila siku, uache kabla ya maumivu, wala usipige saa nyingi siku ya Ijumaa kisha ukapumzika wiki nzima. Mkono wa risha, ule unaopiga nyuzi, hurudi haraka. Kinachochelewa ni sikio, kwa kuwa udi hauna vizuizi shingoni kama gitaa, na kidole ndicho kinachotafuta sauti mahali pake. Anza na maqamu, yaani ngazi ya sauti, ya Rast peke yake, polepole, ukisikiliza ile sauti ya tatu inayokaa katikati ya sauti mbili za kinanda. Siku itakapokaa sawa bila kuitafuta, nenda maqamu ya Bayati. Baada ya hapo chagua bashrafu moja, muziki wa ala usio na kuimba, uliyokuwa ukiipiga na wenzako, uipige nusu ya kasi ya zamani.

Kuhusu umri, naomba ukumbuke waliokufundisha walikuwa watu gani. Tangu klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ilipoasisiwa Unguja mwaka 1905, taarab ya vilabu imebebwa zaidi na watu waliokuwa na kazi nyingine mchana, waliokuja klabuni jioni na kuendelea kuja wakiwa na mvi. Ukirudi nyumbani kutembea, ulizia pia chuo cha muziki cha nchi za jahazi (Dhow Countries Music Academy), kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 2002, ambacho hufundisha udi, ganuni na fidla. Kukaa darasani na vijana wenye umri wa wajukuu zako hakukupunguzii hadhi. Wao watakuwa na vidole vyepesi, nawe utakuwa na nyimbo wasizowahi kuzisikia.

Rangi iliyokunjamana

*Shikamoo. Nimemaliza kidato cha nne, naishi Mbagala. Nachora ndege na wanyama kwenye hadibodi kwa rangi ya mafuta ninayonunua duka la vifaa vya ujenzi. Picha yangu kubwa kuliko zote imekunjamana kama ngozi na sehemu nyingine inabanduka. Kaka yangu anasema niache mpaka nipate rangi za wasanii wa kweli. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Mwambie kaka yako, kwa adabu, kwamba Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia hadibodi na rangi za kung’aa za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na wale aliowafundisha wakaendelea na vifaa hivyohivyo hadi mtindo wake ukajulikana duniani. Rangi yako haina kosa lolote, ila umeipaka nene, na tabaka la pili umeliweka kabla la kwanza halijakauka ndani. Juu pakashika, chini pakabaki pabichi, uso ukavutwa ukakunjamana. Panapobanduka huenda ubao ulikuwa na vumbi au mafuta.

Usiutupe ubao huo. Uache mahali penye hewa mpaka rangi iwe ngumu kabisa hata ukiibonyeza kwa kucha, kwangua makunyanzi kwa kisu butu, upige msasa mpaka uso uwe sawa, ufute vumbi kwa kitambaa kikavu. Paka tabaka moja jembamba la rangi ya chini, nyeupe au ya maziwa, pande zote mbili pamoja na kingo, ili unyevu usiingie kwa nyuma. Kisha subiri, hata kama mikono inawasha. Picha yenyewe ichore kwa rangi nyembamba: kwanza sehemu kubwa za nyuma, ndege baadaye, na madoadoa ya manyoya mwisho wa yote. Kabla ya kila tabaka gusa pembeni kwa kidole kimoja. Kikinata hata kidogo, funika kopo la rangi uendelee kesho.